Mvinyo Uliokataliwa na Mwenyewe

Soksi ilivuliwa taratibu. Kwanza ikatokea shingo ya chupa, kisha mabega, kisha ile lebo ya rangi ya maziwa ambayo Firmin Delbreil aliibandika kwa mkono wake mwenyewe.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilishafungia maandazi, si neno. Tulimwacha Firmin kwenye ukumbi wa kijiji cha Montfaurel, kwenye meza ya waonjaji, amekalia kiti kilichokaliwa na baba yake na babu yake. Chupa zote zilikuwa zimevishwa soksi za kijivu ili mtu asijue anaonja mvinyo wa nani. Glasi ya saba ilipomfikia, Firmin aliinusa, akaionja, akatema kwenye ndoo, halafu akahutubia. Alisema mvinyo ule umetengenezwa na mtu mvivu, tena mvivu aliyelala. Alisema hawezi hata kuutumia kuoshea trekta lake, kwa sababu trekta lake analiheshimu.

Wenzake walicheka, wakanyoosha mikono ya kuukataa pamoja naye. Umekataliwa. Ndipo Bi Yolande, karani wa chama cha wakulima wa mizabibu, akaanza kuivua ile chupa.

Lebo ikasema: Delbreil na Familia, Montfaurel, Mvinyo Mwekundu.

Mtu mmoja huko nyuma alicheka kwa pua, akajifanya anapenga kamasi.

"Nilikuwa nazungumzia glasi ya sita," Firmin alisema.

"Ya sita uliisifu," Bi Yolande akamjibu. "Ulisema ina adabu."

Kwenye ncha ya meza, Aristide Cassagnol alikuwa anazitazama kucha zake. Aristide ni jirani wa Firmin wa ng'ambo ya barabara, na hawajapatana tangu enzi za ua wa mpaka uliosogea na aliyeusogeza hakuonekana. Lakini yeye peke yake ndiye ambaye hakunyoosha mkono. Alisema mvinyo wa glasi ya saba si mbaya kihivyo, na Firmin akamwambia mbele ya watu kwamba anayelima mizabibu kama viazi anyamaze.

Firmin alisimama, akadai matokeo yafutwe. Kanuni zinakataza mtu kuuamua mvinyo wake, alisema, na yeye ni mtu wa kanuni. Bi Yolande alikubali kwamba ndivyo. Siku zote chupa ya mtu hupelekwa meza ya pili, lakini mafua yamewalaza nusu ya waonjaji na ikabidi meza ziunganishwe. Hilo ni kosa lake na atalibeba.

"Lakini kanuni inamkataza mtu kuupendelea mvinyo wake," aliendelea. "Haisemi chochote juu ya mtu anayeutukana. Walioitunga hawakudhani kuna mtu wa hivyo."

Hata hivyo alimpa nafasi moja. Kesho asubuhi, waonjaji wengine, chupa nyingine. Ukikataliwa tena, jina la Montfaurel litoke kwenye lebo.

Firmin alijua maana yake. Mvinyo wa kina Delbreil haukuwa wa kifahari wala haukutaka kuwa. Ulikuwa mvinyo wa Jumanne: wa fundi bomba, wa mwalimu wa shule ya msingi, wa nesi anayetoka zamu na kukuta kiporo cha dengu. Watu wa mjini waliununua kwa sababu mbili tu, bei yake haiumizi na jina la kijiji liko pale kwenye chupa. Jina likitoka, maduka yataurudisha. Halafu lori la ushirika litakuja, litaufyonza kwa bomba, na kwenda kuumwaga katika tangi kubwa huko bondeni, uchanganyike na wa watu ambao Firmin hajawahi hata kuwasalimia. Shamba litabaki, lakini jina la Delbreil litazama ndani ya tangi hilo.

Na kabla ya yote hayo, alikuwa na mke.

Alimwahi Aristide nje, karibu na mti wa jozi, akamwomba jambo moja kwa unyonge ambao hakuuzoea. Ghislaine asijue nani alisema nini. Aristide aliweka mkono kifuani.

"Jirani, mimi ni kaburi."

Kaburi hilo lilipitia kwanza duka la mikate.

Firmin yeye alirudi nyumbani kwa njia ndefu, akitunga. Alipofika mlangoni hadithi yake ilikuwa imeshapigwa pasi na kukunjwa.

Ghislaine alikuwa anakata mkate, ameukumbatia kifuani na kisu kinamwelekea mwenyewe, kama walivyomfundisha bibi zake. Mwanamke huyu ndiye anayeitengeneza pampu ikigoma, ndiye anayeonja mvinyo kwenye mapipa na kusema sasa upo tayari. Firmin ni mtu wa shambani na wa trekta. Wamegawana hivyo tangu walipooana, na hawajawahi kugombana kuhusu hilo, kwa sababu mambo ya kugombania mengine yapo tele.

Aliuliza mambo yamekwendaje. Firmin alivua kofia, akaitundika, akaitungua, akaitundika upya. Akasema mvinyo umekwama kidogo. Si kosa la mvinyo, ni kosa la meza. Kulikuwa na mtu mmoja aliyeupiga vita mpaka wengine wakamfuata.

"Mtu gani?"

"Mjinga mmoja."

"Mjinga wa namna gani?"

Firmin alishukuru moyoni kwamba hakuulizwa jina, akamimina yote. Alisema ni mjinga wa kuongea kabla ulimi haujamaliza kuonja. Ghislaine alisema watu wa aina hiyo anawajua. Firmin alisema ni mtu anayependa kuisikia sauti yake mwenyewe kuliko redio. Ghislaine alisema kabisa. Firmin, akiwa ameshapata moto, alisema ni mtu asiyejua tofauti ya mvinyo na maji ya kuoshea masufuria. Ghislaine alisema hapo umemchora, kilichobaki ni kumtia fremu.

"Na ana mke, huyo mjinga?"

"Anaye."

"Maskini wa Mungu," Ghislaine alisema, akachukua upawa na kupakua supu.

Firmin alikaa. Alivuta bakuli lake.

"Josette wa mikate amekuambia."

"Josette. Na posta. Na padri amepiga simu kunipa pole."

Walikula. Ilikuwa supu ya kabichi, maharage na mguu wa bata bukini uliohifadhiwa kwenye mafuta yake, supu nzito ya kusimamisha kijiko. Firmin alifika karibu na mwisho, akabakiza mchuzi kidogo chini ya bakuli, akanyoosha mkono kwenye chupa na kumimina mvinyo mwekundu humohumo. Akauzungusha, akalinyanyua bakuli kwa mikono miwili na kulinywa lote kwa sauti. Wazee wa kule humalizia supu hivyo, wanaita chabrot, na mwanamume asiyefanya huulizwa kama anaumwa au kama ni mgeni.

Alishusha bakuli, akafuta masharubu, akapumua kwa uchungu wa mtu aliyeonewa.

"Sasa huu ndio mvinyo. Wangeuonja huu, nani angethubutu?"

Ghislaine aliweka kijiko chini.

"Firmin. Ndio huohuo."

"Hauwezi kuwa huohuo. Ule ulikuwa unakwaruza."

Akamtazama vile anavyoitazama pampu inapokohoa. Akamuuliza ni lini mara ya mwisho alikunywa mvinyo wao kwenye glasi. Firmin alicheka, akasema kila siku. Ghislaine akaanza kumhesabia. Mchana? Supu, bakuli. Jioni? Supu, bakuli. Ghalani? Ghalani naonja mimi. Wageni wakija? Unakunywa ile pombe tamu ya jozi ya dada yako. Harusini? Unakunywa wa watu, tena unaukosoa. Firmin alifungua mdomo kutaja Krismasi, akakumbuka kwamba Krismasi huwa kuna mchuzi wa jogoo, akaufunga.

Ghislaine aliinuka. Alitoa kabatini moja ya glasi walizopewa siku ya harusi, akaipangusa vumbi kwa aproni, akateremka ghalani. Aliporudi aliiweka mbele ya mumewe, imejaa.

Firmin aliinusa. Akaonja. Uso wake ukajikunja kabla hajaweza kuuzuia.

"Mvivu," alisema.

"Nimeukinga kwenye pipa letu sasa hivi."

Nje, mbwa wa Aristide alibweka akaacha. Mtu mzima, mwenye mizabibu ya babu yake na kiti cha babu yake, alikuwa hajui ladha ya mvinyo wake mwenyewe bila kabichi.

Nyani haoni kundule, wahenga walisema. Lakini ngojeni kwanza, msimcheke peke yake. Ghislaine aliichukua ile glasi ili amwoneshe jinsi mtu anayejua kazi anavyoonja. Akavuta funda. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Huwa ninashika kipande cha jibini," alikiri. "Ninapoonja. Mkono wa kushoto."

"Tangu lini?"

"Tangu siku zote."

Firmin alijisikia nafuu kidogo kwa mara ya kwanza siku ile, akawa na busara ya kutokuonesha.

Ghislaine aliionja tena, polepole, safari hii kwa makini. Mvinyo haukuwa mbaya, alisema. Haukuoza, haukuchacha, haukudanganywa kwa sukari. Ila ulikuwa umetoka kwenye baridi ya ghala na umekunja ngumi. Ni mvinyo ambao maisha yake yote umepokewa na supu ya moto, na leo umesimamishwa peke yake kwenye glasi tupu mbele ya watu wenye mkate mkavu. Hata mtu angekunja ngumi.

Firmin alikuwa na mipango. Wa kwanza ulikuwa kujifanya wanaumwa mafua. Ghislaine alisema anayeumwa hukataliwa akiwa kitandani. Wa pili ulikuwa kumpelekea Bi Yolande paja la nguruwe lililokaushwa. Ghislaine alisema ajaribu, na atapata kujua Bi Yolande anatumiaje mfupa. Wa tatu ulikuwa kumwaga mchuzi kidogo, matone tu, ndani ya chupa. Ghislaine akausogeza upawa mbali naye.

"Bi Yolande anachukua wapi chupa za kuonjwa?" aliuliza.

"Mahali mvinyo unapohifadhiwa. Ndivyo kanuni ilivyo. Achague mwenyewe, afunge kwa lakiri, aondoke nayo."

"Mahali mvinyo unapohifadhiwa."

"Ghalani."

"Basi tunahama," Ghislaine alisema. "Vua koti."

Jioni ile Firmin Delbreil alibeba katoni. Alizipandisha ngazi za mawe moja baada ya nyingine, mgongo ukilia, na kuzipanga jikoni kandokando ya jiko la kuni. Zilipojaa chini alizipanga juu ya benchi, zilipojaa juu ya benchi zikaingia chini ya meza. Alipinga kila safari. Alisema babu yake atafufuka. Alisema joto ni adui wa mvinyo, kila mtoto anajua. Ghislaine, ambaye alikuwa anachochea moto wa wastani na kupima kwa kiganja, alimwambia hawaupiki, wanauvua sweta tu. Tena kulala karibu na jiko usiku mmoja hakujaua mtu. Yeye mwenyewe hulala pale kila Jumapili mchana, na bado yupo.

"Na tukiulizwa?" Firmin alisema. "Utadanganya?"

"Sidanganyi. Nimehamisha ghala."

Asubuhi Bi Yolande aliingia kwa ubavu, maana mlango ulikuwa haufunguki wote. Alipita kati ya katoni na jiko, akasimama kwenye nafasi pekee iliyobaki, mguu mmoja mbele ya mwingine kama korongo. Miwani yake iliingia ukungu.

"Mnahifadhi mvinyo jikoni, Bi Ghislaine?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Bi Yolande alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akalitazama jiko. Akamtazama Firmin, aliyekuwa amesimama kwenye kona akiwa ameinama upande mmoja kama mlango uliokatika bawaba. Mtu angeweza kuona kanuni zote zikipita kichwani mwake, moja baada ya nyingine, zikitafuta pa kushika na zikikosa.

"Kuna maghala yenye joto zaidi ya hili," alisema mwishowe. "Sikumbuki wapi." Akachagua chupa, akaifunga kwa lakiri, akatoka kwa ubavu.

Baada ya mkasa wa jana, wenye mvinyo hawaruhusiwi kuingia ukumbini. Kuna benchi kwenye ukumbi mwembamba wa nje, chini ya picha za mameya waliopita, na hapo ndipo wanaposubiri. Firmin na Ghislaine walimkuta Aristide ameshakaa. Mvinyo wake nao ulikuwa unaonjwa asubuhi ile. Alikuwa amevaa kofia mpya na uso wa mtu aliyeshinda tayari.

"Mimi sina wasiwasi," alisema bila kuulizwa. "Mwaka huu nimejishinda mwenyewe."

Firmin alikuwa ametega sikio kwenye mlango. Ndani walianza na glasi ya kwanza, wakasema maneno mawili matatu, ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu wakaikalia. Sauti ya mwanamume, labda daktari wa mifugo, ilisema huu unakwaruza. Firmin alifumba macho. Alikuwa hajui kama huo ni wake. Shida yake ni kwamba sasa alijua hawezi kujua.

"Ni sisi," alimnong'oneza mkewe. "Nimeufahamu kwa mkwaruzo."

"Wewe usifahamu kitu leo," Ghislaine akamwambia, akamfinya paja.

Ya tatu ilikataliwa. Firmin alishika kingo za benchi. Aliwaza lori. Aliwaza lile bomba likiingizwa kwenye mapipa ya babu yake kama mrija kwenye juisi. Akawaza pia, na hili hakuwahi kumwambia mtu, kwamba anastahili.

Ndipo ikaja ya nne. Ilisikika sauti ya watu wanaosukutua. Kisha sauti ya mwanamke mzee, ambayo Firmin aliitambua kuwa ya mpishi mstaafu wa shule, ilisema kwamba huu si mvinyo wa kuutungia hotuba. Ni mvinyo wa kuuweka mezani na kuendelea na mazungumzo. Akasema una kifua kipana na hauna maringo. Daktari wa mifugo akasema yeye angeunywa hata kesho, na keshokutwa, na asingechoka. Mtu wa tatu hakusema kitu, lakini Firmin alisikia wazi kwamba huyo hakutema kwenye ndoo.

"Huo wa nani?" Firmin alinong'ona kwa kijicho. "Kuna watu wana bahati."

Mlango ukafunguliwa. Bi Yolande alisimama na chupa iliyo uchi mkono mmoja na soksi mkono mwingine. Lebo ilikuwa ya rangi ya maziwa.

"Glasi ya nne," alisema. "Delbreil. Umepita. Wote watatu."

Firmin alijaribu kuinuka na mgongo ukagoma, kwa hiyo furaha yake aliifanyia palepale kwenye benchi, akipiga magoti yake kwa viganja. Jina lilibaki. Lori halitakuja. Alimshika Ghislaine usoni kwa mikono yote miwili kama bakuli na kumbusu mbele ya mameya wote waliopita, na Ghislaine akamwambia aache, lakini baadaye kidogo.

"Sijamaliza," Bi Yolande alisema.

Chama kilikuwa kimekaa jana jioni, kikaamua la kufanya endapo mvinyo utapita. Mtu aliyeutukana mvinyo wake mwenyewe, akauita wa mvivu, halafu watu watatu wenye akili timamu wakaupitisha, hawezi kuendelea kukaa kwenye meza ya waonjaji. Kiti cha Delbreil kinaondolewa kwa Firmin kuanzia sasa.

Furaha ilimtoka Firmin kama hewa kwenye gurudumu. Kiti kile kilikuwa na alama ya makalio ya ukoo mzima. Alisema ni haki yao. Alisema babu yake alikikalia akiwa na mguu mmoja, baada ya vita.

"Kiti ni cha nyumba," Bi Yolande alikubali, "si cha mtu. Kwa hiyo nyumba yenu ina haki ya kumleta mwingine. Mtajadiliana, mnijibu mwisho wa mwezi."

"Tumeshajadiliana," Ghislaine alisema, na alikuwa ameshasimama na ameshavua aproni ambayo alisahau kuivua nyumbani. "Nikae wapi?"

Firmin alifungua mdomo. Mkewe alimtazama, na hakukuwa na ugomvi wowote machoni mwake. Alikuwa anasubiri tu kuona kama kweli atasema kitu. Firmin aliufunga.

"Upande wa dirisha," alimwambia. "Kile kinachoyumba. Usiegemee kushoto."

Bi Yolande hakupenda kupoteza muda. Waonjaji walikuwa wachache, glasi bado zipo, aingie. Mlango uliachwa wazi safari hii, na Firmin kutoka kwenye benchi alimwona mke wake akikaa kwenye kiti cha babu yake kana kwamba amekuwa akikipasha moto miaka yote hii. Alimwona akipewa glasi ya tano. Alimwona akitafuta kitu kwa mkono wa kushoto, akikumbuka, akiuweka mkono huo juu ya meza, mtupu.

Alinusa. Akanusa tena. Akaonja, na hakutema wala hakumeza. Alikaa na lile funda mdomoni akitazama juu, kama mtu anayesikiliza hatua za miguu darini.

Kisha akatema.

"Ni mzuri," alisema. "Ni laini, ni mtamu kuliko wetu. Bi Yolande, funga dirisha hilo na uwaambie watu wasitoke. Zabibu za mvinyo huu hazijawahi kuona udongo wa Montfaurel."

Mpishi mstaafu alishusha glasi yake. Bi Yolande aliishika ile chupa na kuanza kuivua soksi.

Kwenye benchi, Aristide Cassagnol alisimama. Hakukimbia. Alisawazisha kofia yake mpya na kuanza kuelekea mlango wa nje kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria motoni.

"Firmin," sauti ya Ghislaine ilitoka ndani, "mzuie huyo."

Mgongo ulikubali, kwa mara ya kwanza siku ile. Firmin alifika mlangoni kwanza na kuweka mkono kwenye komeo. Jirani yake alimsogelea mpaka pua zikakaribiana, na hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anatabasamu.

"Nipishe, rafiki yangu," Aristide alisema polepole, ili ndani wasisikie. "Au nirudi pale nikawaeleze zile zabibu zilishushwa wapi kabla hazijafika kwangu. Unakumbuka wakati wa mavuno, niliposema kwangu kuna nyigu, nikakuomba ufunguo wa banda lako? Ulinipa mwenyewe. Wala hukuuliza, na sasa nani ataamini kwamba hukujua?"

Firmin alikumbuka ufunguo.

"Umemshika?" Ghislaine aliita.